Ua Moja au Maua Elfu? Kutofautisha Ua na Kishada

Kila mara mmea uitwao Amorphophallus titanum unapochanua katika bustani fulani ya mimea, habari husambaa upesi: ua kubwa kuliko yote duniani limefunguka. Watu hupanga foleni kwenda kulitazama, wengine wameziba pua, maana harufu yake ni ya mzoga. Hazipiti saa nyingi kabla mtu hajatokea kusahihisha kwamba ua kubwa kuliko yote ni la Rafflesia arnoldii. Mwingine naye huja na Corypha umbraculifera, mti wa jamii ya minazi na mitende unaoota kusini mwa India na Sri Lanka, ambao hubeba mamilioni ya maua kileleni mara moja tu maishani mwake kisha hufa. Ubishi unanoga, kila upande na picha zake.

Wote wanasema kweli, ila hawazungumzii kitu cha aina moja. Rafflesia ni ua moja, na kipenyo chake hufika takriban mita 1. Kile kinachosimama katikati ya Amorphophallus, ambacho chaweza kuzidi mita 3 kwenda juu, si ua hata kidogo. Ni mhimili mnene ambao sehemu yake ya chini imebeba mamia ya maua madogo, nayo yamefichwa na kitu kinachofanana na petali (jani la rangi la ua) moja kubwa iliyojikunja. Corypha nayo ina mkusanyiko wa maua, lakini wake umegawanyika matawi. Kwa hiyo rekodi ni tatu: ua moja kubwa zaidi, mkusanyiko mkubwa zaidi usio na matawi, na mkusanyiko mkubwa zaidi wenye matawi.

Mkusanyiko wa maua yanayoshikana na mhimili mmoja kwa mpangilio maalumu nitauita kishada. Mtu akishajua kutenganisha ua na kishada, mambo mengi ya shambani na bustanini yanajieleza yenyewe: kwa nini hindi huwa na mapengo ya punje, kwa nini maua ya kwanza ya maboga huanguka bila kuacha kitu, kwa nini mtini huzaa na hakuna aliyewahi kuuona umechanua.

Ua lenyewe lina nini?

Ua ni tawi fupi sana ambalo majani yake yamebadilika na kupewa kazi ya uzazi. Wazo hilo alilitetea Goethe, mwandishi na mshairi wa Kijerumani, mwaka 1790, na wanasayansi wa jenetiki wamekuja kuliunga mkono kwa kiasi kikubwa. Katika ua lililokamilika, sehemu hizo zimepangwa kwa pete nne. Pete ya nje ni ya sepali, ambazo mara nyingi ni za kijani na hulinda tumba kabla halijafunguka. Inayofuata ni ya petali, zile za rangi. Kisha zipo stameni, kila moja ikiwa kijiti chenye kifuko cha chavua, yaani unga wa uzazi wa dume, kwenye ncha. Katikati kabisa imekaa pistili: chini ni ovari yenye mayai ya mmea, juu yake shingo, na kwenye ncha ya shingo ni stigma, mahali chavua inapotua. Ovari ndiyo inayokuwa tunda, na mayai yaliyomo ndiyo yanayokuwa mbegu.

Ua zuri la kujifunzia ni la hibiskasi, kwa sababu kila kitu chake ni kikubwa. Lishike kwa kikonyo na uanze kutazama kutoka nyuma. Utakuta kwanza vijani vyembamba vya kijani vilivyozunguka kitako cha ua, halafu kikombe chenye meno matano: hizo ni sepali tano zilizoungana. Petali nazo ni tano, kila moja imelalia ukingo wa jirani yake. Kutoka katikati huchomoza mnara mrefu, na watu wengi huudhani ni stameni moja kubwa. Huo ni bomba lililotokana na stameni nyingi zilizoungana vijiti vyao, na vifuko vya chavua vimebaki vikining'inia pembeni kama vumbi la njano. Pasua bomba hilo kwa ukucha polepole, kuanzia chini kwenda juu. Ndani utaona uzi mweupe: hiyo ni shingo ya pistili, ambayo hupita katikati ya bomba lote na kutokeza kileleni ikiwa imegawanyika mara tano, kila ncha na kitufe cha stigma chenye manyoya laini. Ukifuata uzi huo hadi chini utafika kwenye ovari, na ukiikata kwa upana utaona vyumba vitano.

Hesabu ya tano si ya bahati. Mimea ya kundi la nyasi, yungiyungi, migomba na minazi hupendelea tatu na mafungu yake. Yungiyungi lenye "petali sita" lina sepali tatu na petali tatu zilizofanana kabisa. Mimea mingi mingine yenye maua hupendelea tano, na mingine nne.

Si kila ua lina pete zote. Maua ya nyasi hayana petali za kuonekana, kwa sababu chavua yake hubebwa na upepo na hakuna mdudu wa kuitwa. Mengine yana stameni bila pistili, na hayo ndiyo maua dume. Mengine yana pistili bila stameni zinazofanya kazi, nayo ni maua jike. Hapa pana dhana moja iliyoenea mno, kwamba kila mmea ni ama dume ama jike. Ukweli ni kwamba maua mengi duniani yana stameni na pistili pamoja, na mimea ambayo kila mti ni wa jinsia moja tu, kama mtende, ni takriban asilimia 6 ya spishi zote zinazochanua.

Maboga yako katikati ya hali hizo mbili: mmea mmoja, maua ya aina mbili. Yanayotangulia kufunguka kwa kawaida ni dume, yamesimama kwenye vikonyo vyembamba, na yakishatoa chavua huanguka. Mkulima asiyejua huona mmea wake unamwaga maua na kuanza kutafuta dawa. Angetazama chini ya petali angepata jibu bila gharama yoyote, maana ua jike la boga limekalia kiboga kidogo kabisa, cha kijani, chenye umbo la boga litakalokuja. Hicho ndicho ovari.

Mahali ovari ilipo ni jambo la kuangaliwa. Kuna maua ambayo ovari yake iko juu ya mahali sepali na petali zinaposhikana na ua, na mengine iko chini yake. Tunda huhifadhi ushahidi. Kwenye nyanya, sepali zile za kijani zimekaa upande wa kikonyo, kwa sababu ovari ilikuwa juu yake. Kwenye pera na komamanga, mabaki ya sepali yako upande wa pili kabisa, kule kwenye taji, kwa sababu ovari ilikuwa chini na sehemu nyingine zote za ua zilikaa juu ya kichwa chake. Ukishaliona hili mara moja, huwezi kushika tunda tena bila kulitafuta.

Kutoka ua kwenda kishada

Kishada ni kama jengo la ghorofa lenye familia nyingi: aliye barabarani huona nyumba moja, ila aliyepanda ngazi hukuta kila mlango na jiko lake. Katika kishada, kila ua dogo lina ovari yake au stameni zake, au vyote viwili. Hicho ndicho kipimo pekee cha kuaminika. Rangi hudanganya, ukubwa hudanganya, na idadi ya "petali" hudanganya kuliko vyote.

Vitabu hutaja aina nyingi za vishada, na orodha yake humchosha yeyote anayejaribu kuikariri. Naona ni afadhali kuanza na umbo moja na kulibadilisha hatua kwa hatua akilini. Fikiria mhimili mrefu uliosimama, nao una maua kandokando, kila ua kwenye kikonyo chake kifupi. Maua ya chini ndiyo makubwa kwa umri, na ncha ya juu bado inaongeza matumba mapya. Hicho ni kishada sahili.

Sasa ondoa vikonyo ili maua yagande moja kwa moja kwenye mhimili: umepata suke. Nenepesha mhimili wa suke hilo na ulizungushie jani moja kubwa lililogeuka umbo: umepata kishada cha Amorphophallus, na pia cha anthurium inayopandwa kwenye vyungu, ambayo "petali" yake nyekundu inayong'aa si petali. Badala yake, rudi kwenye kishada sahili na ukipe matawi, kila tawi na maua yake: hivyo ndivyo ulivyo mwembe. Rudi tena mwanzo, ubakize vikonyo lakini ufupishe mhimili hadi uwe nukta moja, vikonyo vyote vikichomoza mahali pamoja na kutanuka kama mbavu za mwavuli: hapo umepata karoti na giligilani, ambazo kwa kweli hufanya hivyo mara mbili, miavuli midogo juu ya mwavuli mkubwa. Hatua ya mwisho ni kuondoa vikonyo vya mwavuli na kuutandaza mhimili uwe sahani. Umepata alizeti.

Njia hii inafafanua jambo ambalo lingeonekana la ajabu. Katika alizeti, maua ya ukingoni hufunguka kwanza na ya katikati mwisho. Ukingo wa sahani ni sawa na sehemu ya chini ya ule mhimili mrefu, na kitovu ni sawa na ncha. Utaratibu haujabadilika, umelazwa tu.

Vipo pia vishada vinavyofuata kanuni iliyo kinyume. Humo ncha ya mhimili hugeuka kuwa ua mapema kabisa, kwa hiyo mhimili hauwezi kurefuka tena. Ukuaji huendelea kutoka pembeni, chini ya ua hilo, na tawi jipya nalo huishia kwenye ua. Nyanya hukua hivyo. Swali la kuuliza unapokutana na kishada usichokijua ni hili: ua la kwanza kufunguka liko wapi, chini na ukingoni, au kwenye ncha na kitovuni? Jibu lake litakuonyesha uko kwenye kundi lipi kati ya haya mawili makuu.

Mpangilio huu una faida kwa mmea. Mimea ya Digitalis ya Ulaya ina vishada virefu vya maua yanayokomaa kutoka chini. Kila ua hutoa chavua kwanza, na stigma yake huwa tayari baadaye, hivyo wakati wowote ule maua ya chini yapo katika hatua ya kupokea na ya juu katika hatua ya kutoa. Nyuki huanzia chini na kupanda. Hufika na chavua ya mmea mwingine, huiacha kwenye maua ya chini, kisha hupakwa mpya juu na kuondoka nayo. Amorphophallus nayo hutenganisha kupokea na kutoa, kwa siku mbili na kwa mpangilio wa kinyume: maua jike hukomaa kwanza, huku mhimili ukipata joto na kusambaza ile harufu ya kuwavuta wadudu wapendao mizoga, maua dume humwaga chavua baadaye, wakati majike yameshafunga kazi.

Mwembe una mkakati mwingine, wa wingi. Kishada kimoja chaweza kuwa na mamia hadi maelfu ya maua, mchanganyiko wa dume na yenye jinsia mbili, na maembe yanayofika kukomaa kwenye kishada hicho huwa machache tu. Magonjwa ya ukungu huangusha maua pia, kwa hiyo si vizuri kupuuza dalili zake. Lakini kupukutika kwa sehemu kubwa ya maua ni hali ya kawaida ya mti huo.

Alizeti kwa karibu

Wengi huamini alizeti ni ua moja lenye petali za njano na mbegu katikati. Chukua kichwa ambacho nusu yake imefunguka na ukivunje vipande viwili. Utaona sahani nene, na juu yake vimirija vidogo vimesimama wima, vimebanana. Chomoa kimoja. Chini kina ovari nyeupe, juu yake bomba la njano lenye meno matano, ambayo ni petali tano zilizoungana. Ndani ya bomba, vifuko vya chavua vimegandana vikawa mrija mwingine wa rangi ya kahawia iliyokolea, na shingo ya pistili hupanda ndani ya mrija huo ikiisukuma chavua nje. Ikishatoka yenyewe, ncha yake hupasuka pande mbili na kujikunja, tayari kupokea chavua kutoka kwingine. Hilo ni ua zima, na kichwa kimoja kinaweza kuwa nayo zaidi ya elfu moja.

Zile "petali" za ukingoni nazo ni maua, kila moja ua lake. Petali zake zimeungana na kurefuka upande mmoja, na kwenye alizeti hayazai; kazi yake ni kuonekana kwa mbali. Sepali za kijani unazodhani unaziona mgongoni mwa kichwa ni brakti, yaani majani yaliyobadilika yanayosindikiza ua au kishada. Na ile "mbegu ya alizeti" yenye ganda la mistari ni tunda kamili, kwa sababu imetokana na ovari nzima ya ua moja. Mbegu ni kile kilichomo ndani ya ganda.

Jamii ya alizeti ina zaidi ya spishi 20,000, na krisanthemu ni mojawapo ya mimea yake. Iweke krisanthemu kando ya waridi la bustani, kwani yote mawili hujaa "petali" hadi katikati. Vuta moja ya krisanthemu kwa uangalifu na utakuta kiovari chini yake, maana umeng'oa ua zima. Vuta ya waridi na utabaki na petali mkononi. Waridi la porini lina petali tano na stameni nyingi. Katika yale ya bustani, wakulima kwa vizazi wamechagua mimea ambayo stameni zake nyingi zimegeuka petali. Waridi linabaki kuwa ua moja hata likiwa na petali hamsini.

Maua yanayojificha na majani yanayojifanya maua

Bogenvilia hupendwa kwa rangi ya zambarau, machungwa au waridi, na rangi hiyo yote ni ya brakti. Tazama ndani ya brakti tatu zilizokaa pamoja: vimirija vitatu vyembamba, ncha zake nyeupe, kila kimoja kimeshikamana na mshipa wa brakti yake. Hayo ndiyo maua, na hata hayo hayana petali. Ile nyota nyeupe ni ya sepali.

Poinsetia inakwenda mbali zaidi. Majani yake mekundu ni brakti, na katikati yake kuna vikombe vidogo vya kijani na njano ambavyo mtu makini angesema ndiyo maua. Bado siyo. Kila kikombe ni kishada: katikati pistili moja, ambayo ni ua jike zima, na kuizunguka kuna stameni kadhaa, ambazo kila moja ni ua dume zima lililopoteza kila kitu isipokuwa stameni. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden wa karne ya 18, aliihesabu mimea ya jamii hii ya Euphorbia kana kwamba kila kikombe ni ua moja lenye stameni nyingi. Miongoni mwa waliotetea maelezo mapya ni Robert Brown, yuleyule aliyelieleza ua la Rafflesia kisayansi. Alionyesha kiungo kidogo kwenye kijiti cha kila stameni, mahali kikonyo kinapokoma na stameni inapoanza. Stameni ya kawaida haina kikonyo chake yenyewe, kwa hiyo kiungo hicho kilitosha kubadilisha hesabu yote. Napenda sana mfano huu, kwa kuwa ushahidi wote umo katika mstari ambao jicho tupu ni vigumu kuuona.

Mtini nao husemwa hauna maua. Tini ni kishada kilichofumbwa: mhimili umetanuka na kujikunja kuwa mfuko, na maua yamejipanga ukutani kwa ndani. Nyigu wadogo sana huingia kupitia tundu la kwenye ncha na kuyachavusha, ingawa baadhi ya tini zinazolimwa hukomaa bila wao.

Mahindi yana vishada viwili vilivyo mbali. Mbelewele juu ni kishada dume. Jike ni lile gunzi changa ndani ya maganda, na kila unywele unaotokeza nje ni shingo na stigma ya ua moja. Unywele mmoja waweza kuzidi sentimita 20, na chembe ya chavua ikiudondokea lazima ioteshe mrija kupita urefu wote huo hadi kwenye ovari. Unywele mmoja, ovari moja, punje moja. Pengo kwenye hindi mara nyingi ni unywele ambao haukupata chavua. Nywele za kwenye ncha hutoka mwisho, wakati mwingine chavua ikiwa imeshapungua, na ndiyo sababu mojawapo ya ncha kubaki bila punje.

Matunda nayo yamebeba historia hii. Topetope na nanasi yote yana vijumba vijumba juu ya ganda, na ni rahisi kudhani yametokana na jambo lilelile. Topetope lilikuwa ua moja lenye pistili nyingi zilizokua pamoja na kushikana. Nanasi lilikuwa suke la maua mengi, kila jicho ua, na ukichimba jicho hilo utakuta mabaki makavu ya sehemu zake chini ya brakti. Fenesi pia ni kishada kizima: kila kokwa na nyama yake ya njano ni ua lililochavushwa, na nyuzi bapa zinazojazana kati ya makokwa ni maua ambayo hayakuchavushwa.